Michael Hutchence: Teksi mbili zilizoamua maisha ya staa wa INXS

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye matatu ya kuelekea mjini, kiti cha nyuma kabisa, pale ambapo spika inakupigia hadi kifuani. Dere alikuwa ameweka miksi ya nyimbo za kitambo. Ghafla ikaingia gitaa fulani hivi. Noti chache tu. Inalia, inanyamaza, inarudi. Dada aliyeketi kando yangu akamwambia mwenzake kwamba huo ni wimbo wa Dua Lipa, ila kuna mtu ameuharibu.

Nilicheka kimoyomoyo, maana miaka michache iliyopita hata mimi ningeapa hivyo hivyo. Ukisikiliza wimbo wa Dua Lipa uitwao Break My Heart, ule wa 2020, utaukuta mlio huo huo. Lakini ukichunguza majina ya watunzi utaona mawili ambayo si ya kizazi chetu: Andrew Farriss na Michael Hutchence. Huyo wa pili alifariki mwaka wa 1997. Mimi sikuwa nimezaliwa. Pengine hata wewe.

Basi leo wacha nikupe stori yake. Ukipenda, iite stori ya teksi mbili. Teksi ya kwanza ilimngoja rafiki yake nje ya nyumba, na katika kule kungoja ukazaliwa wimbo uliowafikisha kileleni. Teksi ya pili ilimkuta yeye mwenyewe barabarani usiku, na kuanzia hapo hakuwa tena mtu yule waliyemjua.

Mtoto wa kuhamahama

Michael Kelland John Hutchence alizaliwa jijini Sydney, Australia, tarehe 22 Januari 1960. Baba yake, Kelland, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Patricia, kazi yake ilikuwa kuwapodoa waigizaji. Shughuli za mzee ziliihamisha familia hadi Hong Kong, na huko ndiko kijana alikokulia sehemu kubwa ya utoto wake. Walirejea Sydney mwaka wa 1972, Michael akiwa na miaka 12.

Kama umewahi kuhamishwa shule, unajua vile mtoto mgeni huangaliwa. Huna kikundi, huna wa kukaa naye wakati wa mapumziko, na wale wababe wa darasa wanakupima tu kwa macho. Yalimkuta Michael katika shule ya upili ya Davidson, kaskazini mwa Sydney. Inasimuliwa kwamba siku moja wababe walikuwa karibu kumshukia, na kijana mmoja mtulivu akaingilia kati kumwokoa. Kijana huyo alikuwa Andrew Farriss. Andrew alikuwa mkali wa kinanda na gitaa. Michael hakujua kupiga chombo chochote cha maana, lakini alipenda kuandika mashairi kwenye daftari. Ukiweka hayo mawili pamoja, tayari una nusu ya bendi.

Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Katikati ya miaka ya 1970 wazazi wake walitengana, na mama akaondoka na Michael kwenda Los Angeles, Marekani. Mdogo wake, Rhett, akaachwa Sydney. Waliomfahamu Michael husema jambo hilo lilimkaa rohoni kwa miaka mingi, kwamba yeye alichukuliwa na mwenzake akabaki. Kaa na hiyo kidogo, maana huyu jamaa maisha yake yote aliishi kama mtu anayeogopa kuachwa na anayeogopa kuacha.

Siku aliyokufa Elvis

Aliporudi Sydney, alimkuta Andrew bado yuko kwenye muziki. Wawili hao walikuwa na kikundi chao kidogo kilichoitwa Doctor Dolphin, pamoja na kijana wa gitaa la besi aliyeitwa Garry Beers. Kaka mkubwa wa Andrew, Tim, naye alikuwa na kikundi chake na mpigaji gitaa na saksafoni, Kirk Pengilly. Halafu kulikuwa na mdogo wao, Jon, mpiga ngoma ambaye alikuwa bado mwanafunzi.

Wakaunganisha nguvu wakajiita The Farriss Brothers. Shoo yao ya kwanza ilikuwa tarehe 16 Agosti 1977, katika sherehe ya Tim ya kutimiza miaka 20, huko Whale Beach. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, Elvis Presley aliaga dunia. Mfalme mmoja anatoka, vijana sita wasiojulikana wanaingia.

Mwaka uliofuata wazazi wa akina Farriss walihamia Perth, magharibi kabisa mwa Australia, wakaenda na Jon kwa kuwa hakuwa amemaliza shule. Unafikiri bendi ilifanyaje? Ilifunga virago ikamfuata mpiga ngoma wake. Miezi kadhaa wakaishi huko, wakipiga mazoezi na kungoja mtoto amalize masomo, kisha wote wakarudi Sydney. Bendi nyingi zingetafuta mpiga ngoma mwingine kabla ya Ijumaa kufika. Hawa sita walibaki wale wale sita kwa miaka 20, hakuna aliyeondoka wala aliyeongezwa, mpaka kifo kilipowatenganisha.

Mwaka wa 1979 wakabadilisha jina, wakawa INXS. Herufi hizo nne ukizitamka kwa Kiingereza zinatoa maana ya kupita kiasi. Wakati huo lilikuwa jina la kuchangamsha tu. Baadaye lilikuja kuonekana kama utabiri.

Kutoka baa hadi Marekani

Sasa, hapa lazima nikueleze kidogo kuhusu muziki wa wakati huo. Miaka ya mwisho ya 1970 vijana wa Uingereza na Marekani walikuwa wamechoshwa na roki ndefu za wazee. Kwanza wakaja wa panki, kelele na hasira. Baada yao wakaja waliochukua ule ujasiri wa panki wakauchanganya na vinanda vya umeme, mapigo ya densi na mavazi ya kuvutia macho. Mtindo huo uliitwa New Wave, yaani wimbi jipya, na INXS walianza humo.

Lakini shule yao hasa ilikuwa baa za Australia. Usidhani ni mahali pa kuimba huku watu wanakupigia makofi kwa adabu. Ni watu waliotoka kazini, wana kiu, wana kelele, na kama huwezi kuwashika ndani ya dakika mbili wanakugeuzia mgongo. Wakiwa chini ya meneja wao, Chris Murphy, walizunguka na gari barabara ndefu za nchi hiyo na kupiga karibu kila usiku. Humo ndimo Michael, yule mtoto mwenye haya, alipojifunza kuusogeza mwili wake hadi baa nzima inyamaze.

Albamu ya kwanza ilitoka 1980, ya pili 1981. Zilifanya vizuri kwao lakini nje hakuna aliyewajua. Ya tatu, Shabooh Shoobah ya 1982, ndiyo iliyowafungulia mlango wa Marekani. Kituo cha MTV kilikuwa kichanga bado na kilikuwa na njaa ya video. Na sura ya Michael, nywele zile, macho yale, ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili ya video.

Halafu wakakutana na Nile Rodgers, gwiji wa kundi la Chic na mtayarishaji wa David Bowie. Pamoja wakarekodi Original Sin jijini New York, wimbo kuhusu mapenzi ya kijana mweusi na msichana mweupe. Ulifika nambari moja Australia mwanzoni mwa 1984. Marekani kuna vituo vya redio vilivyokataa kuupiga. Wao hawakuubadilisha.

Mwaka wa 1985, dunia ilipokuwa ikichangisha pesa kwa ajili ya njaa iliyokuwa ikiua majirani zetu Ethiopia, INXS walipanda jukwaani Sydney tarehe 13 Julai kwenye tamasha la Oz for Africa, lililorushwa pamoja na lile kubwa la Live Aid. Aliyeanzisha Live Aid alikuwa mwanamuziki wa Ireland, Bob Geldof. Kumbuka jina hilo, tutarudi kwake, na kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Teksi ya kwanza

Sasa tufike kwenye ile gitaa ya matatu.

Kufikia mwaka wa 1986 INXS walikuwa wameingia tano bora Marekani na kibao What You Need. Presha ilikuwa ni kuleta albamu ya kuvunja kila kitu. Michael alikuwa akiishi Hong Kong, jiji la utoto wake, na Andrew alikuwa Sydney. Wakapanga kukutana huko Hong Kong kutunga nyimbo.

Siku ya safari Andrew akaita teksi ya kumpeleka uwanja wa ndege. Teksi ikafika. Akiwa anajiandaa kutoka, ikamjia kichwani ile gitaa, noti chache zile. Akamwambia dere kwamba kuna kitu amesahau ndani. Akarudi, akawasha mashine, akaanza kurekodi. Dere akangoja. Akangoja. Inasimuliwa kwamba Andrew alitoka kama saa moja baadaye akiwa na kaseti mfukoni, na dere alikuwa amekasirika kupita maelezo. Sisi tuliowahi kumngojesha mtu wa boda dakika tano tu tunajua maneno aliyopokea.

Alipofika Hong Kong, akampigia Michael kaseti ile. Michael akachukua kalamu na ndani ya dakika chache tu maneno yakawa karatasini. Wimbo huo ndio Need You Tonight.

Ukaingia kwenye albamu yao ya sita, Kick. Meneja Murphy alipowapelekea mabosi wa kampuni ya rekodi New York kazi hiyo, walikunja nyuso. Kwa maelezo yake mwenyewe, walimwambia wangempa dola milioni moja arudi Australia na bendi yake warekodi albamu nyingine. Akakataa. Akawazunguka mabosi, akaenda kwa wale wafanyakazi wa kawaida wanaosambaza nyimbo kwenye redio, na akaanza na redio za wanafunzi wa vyuo.

Kick ilitoka Oktoba 1987. Januari 1988 Need You Tonight ikawa nambari moja Marekani. Nyimbo tatu zaidi kutoka albamu hiyo zikaingia kumi bora: Devil Inside, New Sensation, na Never Tear Us Apart, ile ya taratibu ambayo video yake ilipigwa katika mitaa ya Prague. Mwaka huo kwenye tuzo za video za MTV wakazoa tuzo tano usiku mmoja. Albamu ikauza zaidi ya nakala milioni 10. Ingekuwa ni wewe ndiye bosi uliyekataa albamu hiyo, ungeingia ofisini siku iliyofuata?

Kileleni

Tarehe 13 Julai 1991, miaka sita kamili baada ya lile tamasha la Ethiopia, INXS walijaza uwanja wa Wembley jijini London. Watu zaidi ya 70,000. Uwanja wetu wa Kasarani ukijaa pomoni bado haufiki hapo. Kuna filamu ya shoo hiyo, Live Baby Live. Itafute uitazame. Kuna wakati Michael anasimama tu, hafanyi chochote, na uwanja mzima unasogea naye.

Nje ya jukwaa maisha yalikuwa ya magazeti. Alitoka na mwimbaji Kylie Minogue, Mwaustralia mwenzake, na walipoachana 1991 akawa na mwanamitindo wa Denmark, Helena Christensen. Alikuwa na nyumba kusini mwa Ufaransa. Marafiki walimjua kama mtu wa kusoma vitabu, wa kupika, wa kunusa divai na kutambua imetoka wapi. Alikuwa mtu wa kuonja maisha, na hilo nalisema kwa maana ya moja kwa moja kabisa: harufu na ladha.

Teksi ya pili

Mwaka wa 1992, Copenhagen, usiku. Michael na Helena walikuwa wametoka kununua chakula na wako na baiskeli kwenye barabara nyembamba. Teksi ikaja nyuma. Hawakusogea haraka vya kutosha. Dere akashuka, akampiga Michael. Akaanguka kisogo nyuma, kichwa kikagonga ukingo wa lami.

Ni hayo tu. Ugomvi ambao ungeuona mjini siku yoyote ukapita zako.

Alipelekwa hospitalini lakini akawa mkali, akataka kutoka. Kwa wiki kadhaa alilala katika nyumba ya Helena, hali vizuri, anatapika, hataki kuonwa na daktari. Hatimaye walipoenda kwa wataalamu ikabainika kwamba fuvu lilikuwa limepasuka na neva za kunusa zilikuwa zimekatika. Hangeweza kunusa tena. Ladha nayo ikaenda. Alikuwa na miaka 32.

Halafu akafanya lile ambalo wanaume wengi tunalifanya. Akamwomba Helena asimwambie mtu. Helena akaitunza siri hiyo kwa miaka mingi, hadi alipoisimulia kwenye filamu ya Mystify iliyotengenezwa na rafiki wa Michael, Richard Lowenstein, mwaka wa 2019. Kufikia hapo ilikuwa imepita miaka 22 tangu kifo.

Walio karibu naye waliona tu matokeo. Yule kijana mpole akawa na hasira za ghafla. Walipokwenda kisiwa cha Capri, Italia, kurekodi albamu ya Full Moon, Dirty Hearts, ile ya 1993 ambayo hata Ray Charles anaimba ndani yake, wenzake walimwogopa. Analia, anafoka, anatisha watu. Watu wakadhani ni umaarufu umempanda kichwani. Wengine wakasema ni dawa za kulevya, na kweli zilikuwepo. Lakini hakuna aliyejua kwamba ndani ya kichwa kile kulikuwa na jeraha. Filamu ya Lowenstein inaeleza kwamba uchunguzi wa mwili baada ya kifo ulionyesha sehemu za ubongo zilikuwa zimeharibika.

Upepo unageuka

Huku nyuma muziki nao ulikuwa umegeuka. Septemba 1991 Nirvana walitoa Nevermind, na ghafla vijana wa Marekani wakataka mashati ya drafti, nywele chafu na huzuni isiyopakwa rangi. Wanaume wa suruali za ngozi wanaocheza kiuno wakaonekana wa jana. INXS walijaribu. Albamu yao ya 1992, Welcome to Wherever You Are, ilikuwa ya kijasiri na ilifika nambari moja Uingereza. Lakini hawakuizungushia ziara kubwa, na mwaka uliofuata wakaamua kurudi kwenye kumbi ndogo. Walikuwa wanataka kuhisi tena ile baa ya zamani. Mashabiki wengi walichoona ni bendi ya viwanja imeshuka daraja.

Kisha Michael akapendana na mtangazaji wa runinga wa Uingereza, Paula Yates. Na Paula alikuwa mke wa nani? Bob Geldof, yule wa Live Aid. Walipotengana 1995, magazeti ya Uingereza hayakulala. Mapaparazi mlangoni, mapaparazi uwanja wa ndege. Julai 1996 Michael na Paula wakapata binti, Tiger Lily, na kila anayemkumbuka Michael anasema mtoto huyo alimpenda kuliko kitu chochote.

Februari mwaka huo huo alipanda jukwaani kwenye tuzo za BRIT kukabidhi tuzo, na Noel Gallagher wa Oasis, bendi iliyokuwa ikitesa wakati huo, akamtukana mbele ya nchi nzima kwamba wakati wake umekwisha. Ukiitazama ile klipu leo, angalia uso wa Michael. Hajibu. Anatabasamu kidogo na kusimama.

Albamu ya mwisho, Elegantly Wasted, ilitoka 1997 na haikufika mbali. Ikapangwa ziara ya kuadhimisha miaka 20 ya bendi, imalizikie nyumbani Australia. Michael akarudi Sydney mnamo Novemba kwa mazoezi. Alitaka Paula na watoto wote wamfuate, lakini kulikuwa na kesi London kuhusu mabinti wa Paula na Geldof, na kesi ikaahirishwa hadi Desemba. Safari haikuwezekana.

Usiku wa tarehe 21 alikula chakula cha jioni na baba yake. Inasimuliwa kwamba mzee aliona mwanawe hayuko sawa akajaribu kumuuliza, na mwana akamhakikishia kwamba yuko salama. Asubuhi ya tarehe 22 Novemba 1997 alikutwa amefariki katika chumba chake cha hoteli. Alikuwa na miaka 37. Uchunguzi rasmi uliomalizika Februari 1998 uliamua kwamba alijitoa uhai, akiwa katika huzuni nzito na ameathiriwa na pombe na dawa. Paula hakuwahi kuukubali uamuzi huo.

Mazishi yalifanyika katika kanisa kuu la St Andrew's, Sydney, na yakarushwa moja kwa moja kwenye runinga. Rafiki yake Nick Cave alikubali kuimba kwa sharti moja, kwamba kamera zizimwe.

Waliobaki

Bendi ilijaribu kuendelea. Wakaja waimbaji wengine, na mwaka wa 2005 wakafanya hata shindano la runinga Marekani kumtafuta mrithi, akashinda J.D. Fortune. Lakini unajua vile inakuwa mtu anapovaa koti la marehemu. Linamtosha, ila kila mtu anaona si lake. Tarehe 11 Novemba 2012, wakiwa jukwaani Perth, walitangaza kwamba basi, imetosha. Perth, mji ule ule waliohamia 1978 kumngoja mpiga ngoma amalize shule.

Paula Yates alifariki Septemba 2000. Tiger Lily alikuwa na miaka minne tu, hana baba, hana mama. Na aliyemchukua akamlea pamoja na dada zake ni Bob Geldof. Wale watu wazima walikuwa wamepigana mahakamani na kwenye magazeti mpaka wakachoka, lakini mwisho wa siku mtoto alihitaji nyumba, na mlango uliofunguka ni huo.

Kwa nini nimekusumbua na stori hii

Mimi si mtaalamu wa chochote. Niliacha chuo mwaka wa pili, na ninachojua nimekiokota kwenye intaneti, kwenye filamu na kwenye matatu. Lakini Mystify niliitazama usiku mmoja nikashindwa kulala, na si kwa sababu ya Michael.

Kuna rafiki yangu wa mtaani. Miaka miwili iliyopita alianguka kwenye bodaboda, kichwa kikagonga lami, hakuwa na helmeti. Alifungwa bendeji, akapewa dawa za maumivu, kesho yake yuko kwenye kundi letu la WhatsApp anatutumia vibonzo vya kujicheka. Tukacheka naye. Baada ya miezi michache akaanza kuwa mkali. Anagombana na kila mtu, anakatiza simu, anaacha kazi bila sababu. Sisi tukasema ameanza kujiona. Tukamtoa kwenye mipango. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kuhusu kile kichwa.

Baada ya filamu nilihesabu miezi nikaona inalingana. Nikampigia. Alikata mara mbili. Ya tatu akapokea, na nilipomuuliza kama bado kichwa kinamuuma alinyamaza kwa muda mrefu sana, halafu akaniambia kwamba tangu ile siku halali vizuri, na mimi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza. Jumatatu iliyofuata tulienda naye hospitalini, tukapanga foleni tangu asubuhi. Bado wanamchunguza. Sijui watapata nini. Ila hayuko peke yake na siri yake tena.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, kama kuna mtu wako aliyebadilika ghafla, kabla hujasema ana madharau, jiulize kama aliwahi kuanguka, kugongwa au kupigwa kichwani. Muulize na yeye. Na kama ni wewe ndiye unabeba kitu na umemwambia kila mtu kwamba uko sawa, hebu mwambie mtu mmoja tu ukweli leo. Mzazi, rafiki, daktari, yeyote unayemwamini. Michael alikuwa na pesa, alikuwa na madaktari bora wa Ulaya, alikuwa na baba aliyeketi naye mezani usiku wa mwisho akimuuliza. Kitu alichokosa ni kusema.

Na siku nyingine ile gitaa ikiingia kwenye mat, noti chache zile, mwambie aliyekaa kando yako kwamba si ya Dua Lipa. Ilitungwa Sydney, dere mmoja akiwa amekasirika nje, mita ya teksi ikisoma.